Sahani Isiyoagizwa

Basi lilikuwa limeiacha milima ya Despeñaperros zaidi ya saa mbili nyuma, na sasa lilikuwa linaingia Madrid kwa upande wa kusini, upande ambao mji huu huwaonyesha wale tu wanaokuja kwa basi. Maghala. Magari mabovu yaliyorundikana. Mabango ya kuuza nyumba ambazo bado ni mashimo. Miji mikuu yote ina tabia hiyo: wenye kuja kwa ndege huonyeshwa uso, wenye kuja kwa basi huonyeshwa kisogo.

Angustias Peregrín alikuwa amekaa dirishani tangu Granada, saa kumi na mbili alfajiri, begi mapajani. Ndani ya begi mlikuwa na kisu chake cha jikoni na chupa ya mafuta ya zeituni iliyoviringishwa kwenye taulo, vitu viwili ambavyo hakuwa tayari kumwamini navyo mtu wa Madrid.

"Dereva, ndiyo Madrid yenyewe hii?"

"Ndiyo, mama. Subiri kidogo, mbele inapendeza."

"Sasa kwa nini hawakuanzia mbele?"

Dereva alicheka peke yake mpaka kituoni.

Angustias alikuwa na miaka sitini na tatu, mfupi, mpana wa mabega, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umezoea kufuta hata pasipo na cha kufuta. Jirani yake kwenye basi alikuwa ameshuhudia mgongo wa kiti cha mbele ukifutwa kwa saa tano mfululizo. Madrid alikuwa amefika mara moja tu maishani, kwa daktari wa macho, akarudi siku ileile. Safari hii alikuja kwa sababu ya kaunta.

Kwa miaka thelathini na tisa alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya La Cancela, baa ya mtaa wa Realejo kule Granada. Mwenye baa alifariki Februari. Binti zake waliliuza jengo hata kabla maua ya kaburini hayajanyauka, na kufikia Aprili juu palikuwa na vyumba vya watalii, na pale ilipokuwa kaunta palikuwa na makabati ya chuma ambamo watalii huacha masanduku yao ili wakatembee mikono mitupu. Marumaru ya kaunta haikupita mlangoni. Waliivunja kwa nyundo.

Jirani yake Patrocinio, ambaye hutandika vitanda kwenye vyumba hivyohivyo, alimletea habari kwamba kuna nafasi. Vitanda kumi na vinne kabla ya saa sita mchana, kuanzia Jumatatu. Angustias alisema atajibu kabla ya Jumapili. Ndipo mtoto wa kaka yake, Fabián, akapiga simu kutoka Madrid.

"Shangazi, nina kaunta."

"Kaunta gani?"

"Marumaru. Mita kumi na moja. Yako."

"Atakayesimama nyuma yake ni mimi?"

"Nani mwingine, shangazi? Wewe ndiye baa yenyewe."

Maneno hayo ya mwisho alipaswa kuyatilia shaka. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba kuanzia Jumatatu ataipiga pasi mito ya Wajerumani huwa hapimi maneno. Leo ilikuwa Alhamisi. Ama kaunta ya Madrid, ama shuka za wageni. La tatu halikuwepo.

Kazi aliyoijua haina jina. Granada hakuna anayeagiza tapa, kile kitafunio cha baa. Unaagiza kinywaji, na sahani ndogo inakuja yenyewe, bila kuombwa, kama salamu. Glasi ya kwanza inakuja na sahani ya raundi ya kwanza. Glasi ya pili inakuja na nyingine, nzuri zaidi kidogo. Ya tatu nzuri zaidi, maana kufikia hapo jiko limeshaamini kwamba wewe si mpita njia. Anayeuliza "Leo kuna nini?" ni mgeni, anasamehewa. Anayesema "Mimi nataka ile ya yule pale" ni mwenyeji aliyelelewa vibaya, na huyo hasamehewi.

Sasa weka watu arobaini kwenye kaunta moja, Jumamosi mchana, kila mmoja na raundi yake, hakuna kinachoandikwa popote, wote wanapiga kelele. Mtu wa kaunta anapaswa kujua kwamba mwenye kofia yuko ya pili, mkewe ya kwanza kwa sababu alichelewa, na fundi bomba ya nne na angepaswa kwenda nyumbani. Kulikuwa na sheria. Aliyetoka kuvuta sigara hajatoka. Aliyetoka kwenda kuzika ameanza upya. Siku ya mvua ni makombo ya mkate yaliyokaangwa na kitunguu saumu, kwa wote, raundi zote, wala mtu asifungue mdomo. Angustias alizibeba sheria hizo kichwani kama hakimu, na hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Alikosea mara moja. Mwaka wa kumi na moja wa kazi yake, alimpa padri Leandro sahani ya konokono raundi ya pili, na raundi ya tatu akampa konokono tena. Padri aliitazama sahani. Akamtazama Angustias. Akaweka uma chini, akafuta midomo, akatoka. Hakuikanyaga baa kwa miaka tisa. Kila Jumapili mwanamke huyu alipokea ekaristi kutoka mkono wa mtu ambaye alikuwa amemsamehe Yuda na hakuwa amemsamehe konokono. Realejo nzima ilijua, na Realejo nzima ilikuwa upande wa padri.

Basi huyo ndiye mtu aliyetoka kwenye treni ya chini ya ardhi mtaa wa Chamberí, saa tano na nusu asubuhi, akapandisha ngazi akihema, akainua macho na kukuta jina lake ukutani kwa taa nyekundu, herufi za urefu wa mtoto. ANGUSTIAS.

"Umeonaje?" Fabián alimkumbatia, akambusu shavu hili na hili. Alikuwa na miaka thelathini na nne, ndevu zilizochongwa kwa rula, na shahada ya kuuza vitu. "Si nilikuambia?"

"Hukuniambia kuhusu hili. Kaka yangu anajua kwamba umeniwasha taa?"

"Baba alilia alipoona."

"Baba yako hulia hata akiona matangazo ya sabuni."

Ndani kulikuwa na kila kitu. Ndiyo iliyokuwa shida. Kulikuwa na vichwa vya fahali ukutani, vipya. Kulikuwa na mapaja ya nguruwe yakining'inia, na ukiyakaribia unaona ni ya plastiki. Na sakafuni, chini ya kaunta yote, kulikuwa na karatasi za kufutia mdomo, zimefinyangwa na kutupwa, kama zinavyotupwa kwenye baa yoyote ya haki saa tisa mchana. Lakini hii ilikuwa saa tano na nusu, na mlango ulikuwa haujafunguliwa. Angustias aliinama, akaokota moja, akaikunjua. Nyeupe pe. Hakuna mdomo uliokuwa umeigusa.

"Nani ametupa hizi?"

"Tunazimwaga kila asubuhi," alisema Fabián. "Mgeni akiingia, ahisi."

"Ahisi nini?"

"Ahisi kwamba watu walikuwepo, shangazi."

Kaunta ilikuwa nzuri. Haki isemwe. Marumaru ya kijivu, baridi, imekatwa na fundi anayejua. Mkono wake wa kushoto ulitangulia kabla hajauamuru, ukaifuta kutoka mwanzo mpaka alipoweza kufika, na kwa muda mfupi Angustias alikuwa na furaha. Kisha akaona viti. Viti kumi na kimoja virefu, vimepigiliwa sakafuni kwa bolti, kila kimoja na namba.

"Wanaosimama watasimama wapi?"

"Hakuna wanaosimama. Wanaandikisha nafasi. Miezi miwili kabla." Fabián alimpa kadi nene. Ilikuwa imeandikwa Safari ya Raundi Saba. "Hawachagui chochote. Kila kitu kinakuja chenyewe. Si ndiyo mila yetu? Nimeilinda, shangazi."

"Na jiko?"

"Chini. Vyakula vinapanda kwa lifti ndogo."

"Kwa hiyo mimi hapa nyuma ninafanya nini?"

Ndipo Fabián akatoa karatasi nyingine, hii nyembamba, na akaisoma kwa sauti ya chini, akiona haya kidogo, maana damu ya Granada haiishi yote mara moja: "Mwanangu, nakusoma usoni. Leo moyo wako una kiu ya bahari."

Fabián aliigeuza karatasi.

"Kisha unampa dagaa," alisema.

"Na kama hana kiu ya bahari?"

"Wote wanaanza na bahari, shangazi."

Mwanamke mmoja alitoka chumba cha nyuma akijifunga aproni rangi ya maziwa yenye jina la Angustias kifuani. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, nywele zimefungwa kisogoni kwa mtindo uleule. Angustias alirudi hatua moja nyuma.

"Huyu ni Marisa," Fabián akasema haraka. "Mwigizaji, kutoka Valladolid. Ni wewe wa Jumatatu na Jumanne. Lazima upumzike."

"Nimefurahi sana kukuona," alisema Marisa, na alikuwa anamaanisha, maana alikuwa mtu mwema. "Nimetazama video zako za ile baa labda mara thelathini. Huo mkono wa kushoto unavyofuta! Nilifikiri unaanzia begani, kumbe unaanzia kwenye kiwiko. Naweza kuona tena?"

"Ukitaka kujua unaanzia wapi, dada, chukua kitambaa ufute miaka arobaini."

"Hiyo ni nzuri," Marisa akasema. "Naweza kuitumia?"

Chakula cha majaribio kilikuwa saa nane. Angustias alishuka jikoni akakuta wapishi sita wakipanga majani kwa vikoleo kama mafundi saa. Dagaa wa raundi ya kwanza walikuwa kidonge cha kijani kinachopasuka mdomoni na kutoa maji ya chumvi. Alikionja. Alisema kwamba aliwahi kumeza maji ya namna hiyo ufukweni Motril akiwa na miaka saba, na siku hiyo walimpiga mgongoni mpaka akayatapika. Wapishi walicheka. Akaomba kikaango kikubwa, viazi, pilipili hoho na kitunguu saumu, akafungua chupa yake ya mafuta, na kwa saa moja na nusu alipika taratibu viazi vya kimaskini, kwa ajili ya wapishi wenyewe, maana aliona hakuna aliyekuwa amefikiria watakula nini. Walikula wakiwa wamesimama. Mmoja wao, mtu wa Jaén, aliifuta sahani kwa mkate hadi ikang'aa, kisha akaondoka kwenda kusimama karibu na friji, peke yake, kwa muda. Nusu ya kikaango ilibaki.

Saa nane viti kumi na kimoja vilikuwa vimejaa. Kwenye cha katikati alikuwepo Bwana Olaizola, mwenye mali, aliyewahi kuuza vyoo vya umeme na sasa anauza hisia. Kando yake alikuwepo Bi Covadonga, ambaye huandika kuhusu chakula kwenye jarida, mwembamba kama mtu ambaye huandika tu. Waliobaki walikuwa marafiki wa hao wawili, na simu zao zilikuwa zimeshawekwa juu ya marumaru zikitazama juu.

Angustias alisimama nyuma ya kaunta akiwa amevaa aproni yenye jina lake mwenyewe, kama mfungwa. Taa ilimmulika. Alimfikiria Patrocinio na vitanda kumi na vinne. Akajiambia: sema tu, ni maneno, padri Leandro alisema maneno asiyoyaamini kwa miaka hamsini na akazikwa na askofu. Akafungua mdomo.

"Unakunywa nini?" alimwuliza Bi Covadonga.

Nyuma ya mlango, Fabián alifumba macho.

"Kabla ya hilo," alisema Bi Covadonga, "ningependa kujua hadithi ya sahani ya kwanza."

"Sahani haina hadithi. Ina viazi."

Alikuwa ameshagonga kengele ya lifti na kuomba kikaango. Kilipanda, kikiwa bado cha moto, na akagawa sahani kumi na moja ndogo, viazi vilevile kwa wote, bila kumsoma mtu yeyote usoni. Kisha akamimina bia, glasi ndogo, povu la kidole kimoja, akizisukuma juu ya marumaru moja baada ya nyingine bila kumwaga tone. Ilikuwa kazi safi. Kwa dakika tano walikula, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Hivi ni vya ajabu," alisema Bi Covadonga. "Niongezee hivihivi."

"Haviongezwi. Raundi ya pili ni kitu kingine."

"Lakini nimevipenda hivi."

"Ndiyo maana utarudi kesho."

"Kesho nitakuwa Copenhagen."

"Basi, pole."

Hapo ndipo Angustias alipotarajia hasira. Huko kwao, mtu mzima akikataliwa viazi mbele ya watu, ama ananyanyua sauti, ama anaweka uma chini kama padri. Na baada ya hapo, kwa wiki au kwa miaka, watu wawili wana jambo kati yao, na hilo jambo ndilo baa. Badala yake kilisikika kicheko cha furaha. Makofi. Simu ziliinuliwa.

"Amemkatalia!" Bwana Olaizola alipiga marumaru kwa kiganja. "Mmeona? Anakataa! Huyu ni hazina! Fabián! Fabián, njoo, andika: anakataa."

Fabián alitoka na karatasi yake, uso umeng'aa, akaandika. Angustias aliweza kusoma kichwa chini, miguu juu, maana mtu wa kaunta husoma hivyo. Raundi ya kwanza: mgeni anaomba nyongeza. Shangazi anakataa.

"Na lile la kesho," aliongeza Bi Covadonga. "Lile limenichoma moyo. Liwekeni."

"Fanya tena," mtu wa kiti cha tisa aliomba. "Sikurekodi."

Angustias alimtazama mtu huyo kwa jicho ambalo Realejo lilikuwa linatoa walevi nje. Mtu wa kiti cha tisa alilirekodi jicho.

Ilikuwa katikati ya shangwe hiyo mlango wa mbele uliposukumwa na mpiga plasta akaingia. Walikuwa wanakarabati jengo la pili, na alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia buti mpaka nyusi. Aliangalia sakafu, akaona karatasi, akapata imani. Akaja moja kwa moja mpaka mwisho wa kaunta, penye kipande kidogo kisicho na kiti, akaweka kiwiko.

"Bia moja, bosi. Ndogo."

"Haya, mpenzi."

Haikumchukua muda kufikiri. Bia ikamiminwa, sahani ya viazi ikafuata, yote mawili yakatelezeshwa kwa mkono mmoja. Mpiga plasta alichukua kiazi kwa kidole, akakila, akamwangalia.

"Wewe wa wapi?"

"Granada."

"Nilijua. Mke wangu wa Loja, hapo jirani yenu." Akala kingine. "Hapa sijaona hii. Nimefanya kazi mtaa huu miezi minne nakula mikate ya plastiki."

"Maliza hiyo. Ya pili nina maharage mapana."

Maharage mapana hayakuwepo. Lakini yangepatikana, aliyaona jikoni, wapishi walikuwa wakiyatoa maganda moja moja kwa sababu zao. Kichwani mwake mahali palifunguka: mtu wa plasta, mwisho wa kaunta, raundi ya kwanza. Kilikuwa kitu cha kwanza cha kweli kukaa humo tangu Februari.

"Mmemtoa wapi huyu!" Bwana Olaizola alinong'ona kwa nguvu. "Tazama nyusi! Naye ni mwigizaji?"

Fabián alikuwa ameshafika. Alimshika mpiga plasta bega, kwa upole, kwa ncha za vidole, kwa ajili ya lile vumbi.

"Samahani, rafiki. Hapa ni kwa kujiandikisha."

"Kujiandikisha nini? Nakunywa bia."

"Ndiyo, ni zawadi yetu kwako. Lakini kwa leo..."

"Sijamaliza."

"Tunaweza kukuwekea kwenye kikopo cha karatasi."

Mpiga plasta alimtazama Fabián, akawatazama watu kumi na mmoja waliokaa wakitabasamu, akatazama tena karatasi za sakafuni.

"Nilidhani ni baa," alisema. Alikuwa anamwomba radhi Angustias, si mwingine. Akamaliza glasi akiwa wima, akaiweka chini taratibu, akatoka.

"Alikuwa raundi ya kwanza," Angustias akasema.

"Shangazi, baadaye."

"Fabián. Alikuwa raundi ya kwanza na ananisubiri ya pili." Alimgeukia Bwana Olaizola, maana alishaelewa kaunta hii ni ya nani. "Bwana, sikiliza. Hawa wako wakae, waletewe vidonge vyao, niwasome uso, niwasome visigino kama wanataka. Nitasema yote yaliyoandikwa. Lakini saa sita mpaka saa nane, mlango uachwe wazi na viti hivi ving'olewe. Anayepita aingie. Hilo tu."

Alikuwa hajawahi kumwomba mtu kitu kwa sentensi ndefu namna hiyo. Fabián alilijua hilo, na alitazama chini.

Bwana Olaizola alifikiri kwa adabu. "Mama Angustias, ninakuelewa kabisa. Lakini ukiruhusu watu kusimama, kaunta inapoteza maana yake."

Angustias alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta alipoiacha miwani. Kisha akavua aproni yenye jina lake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya marumaru mbele yake, akaenda chumba cha nyuma.

Fabián alimkuta akiviringisha chupa kwenye taulo, simu imebanwa kati ya sikio na bega. "Patro? Ni mimi. Waambie Jumatatu nipo... Ndiyo, vyote kumi na vinne... Nitakueleza. Hapana, hawakunikataa. Afadhali wangenikataa." Akakata.

"Shangazi, umefaulu! Hujaona? Wamekupenda mno!"

"Nimeona."

"Basi shida ni nini? Huyo fundi? Nitamtafuta, nitampa chakula kila siku, nyuma, jikoni..."

"Nyuma." Alitia kisu kwenye begi. "Wewe ulijifunza kutembea umeshikilia kaunta ya La Cancela. Wapiga plasta ndio waliokuokota ulipoanguka. Leo umemtoa mmoja na glasi mkononi, kwa ncha za vidole."

"Hiyo dunia imekwisha, shangazi. Mimi sikuiua. Mimi angalau naihifadhi."

"Kama nguruwe wako wa plastiki."

Fabián alionyesha upande wa barabara. "Jina liko ukutani. Siwezi kulishusha sasa."

"Libaki. Granada, ukirusha jiwe sokoni, linampata Angustias."

"Kwa hiyo utaenda kutandika vitanda vya watalii." Sasa alikuwa na hasira, na hasira ilimrudishia lafudhi ya nyumbani. "Wewe! Mtu wa kaunta miaka arobaini, utainama kuokota soksi za Waholanzi!"

"Kitanda hakitaniomba nikisimulie hadithi yake, mwanangu." Akambusu, shavu hili na hili, kwa sababu alikuwa mtoto wa kaka yake na hilo halibadilishwi na upumbavu. "Na waambie wapishi wako wale. Yule wa Jaén ana njaa ya muda mrefu."

Mlango wa nyuma ulikuwepo. Hakumuuliza mtu ulipo. Alipita ukumbini, begi begani, akikanyaga karatasi safi, mbele ya viti kumi na kimoja, wala hakugeuka. Basi la saa kumi lilikuwa linaondoka kituo cha kusini na alikuwa hataki kukimbia.

Aliposukuma mlango, makofi yalilipuka. Bi Covadonga alisimama, mkono kifuani. Mtu wa kiti cha tisa alifuta chozi, kisha akaangalia kama simu imelichukua. Mlango ulijifunga wenyewe, taratibu, kwa kifaa kizuri cha kisasa kisichotoa sauti, na kupitia kioo walimwona akivuka barabara, akimpungia mkono mtu mweupe wa vumbi aliyekuwa juu ya jukwaa la ujenzi, kisha kona ikamchukua.

"Na anaondoka!" alisema Bwana Olaizola. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Anaondoka kabla ya raundi ya pili! Mungu wangu. Fabián, hii itakuwa kila siku?"

Fabián alikuwa bado anatazama kioo. Karatasi ilikuwa mkononi, na kalamu. Ilimchukua muda, na mtu mwenye kupenda kuamini mema anaweza kusema kwamba katika muda huo alikuwa anapigana na nafsi yake.

"Kila siku," alisema.

Akaandika. Watu wakarudi kwenye viti. Lifti iligonga kengele yake, na sahani kumi na moja za vidonge vya kijani zikapanda. Marisa akatoka chumba cha nyuma, akaifungua aproni iliyokunjwa mara nne juu ya marumaru, akaiona ni saizi yake, akaivaa badala ya ile ya kwake, maana hii ilikuwa na doa la mafuta. Akaupitisha mkono wa kushoto juu ya kaunta, kuanzia kwenye kiwiko.

"Mwanangu," alimwambia Bi Covadonga, na sauti ilikuwa ya Granada kabisa, "nakusoma usoni." Kisha akamwinamia Fabián, kando, kwa sauti yake mwenyewe ya Valladolid. "Na mimi nikiondoka, niondokee mlango gani? Koti langu liko nyuma."